Deni la Elimu na Shule ya Askari

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu huulizwa na wanafunzi wake, na ambayo hawezi kuyajibu kwa kufungua kitabu, limo hili: mtu aliyesomeshwa anadaiwa na nani? Swali hili si geni kwetu. Hayati Mwalimu Julius Nyerere alilieleza kwa mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji humpa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Mtu huyo akila akashiba, kisha akaenda zake asirudi, huyo amekisaliti kijiji. Mfano huu uliwaingia watu moyoni kwa sababu kila mmoja wetu alikijua kijiji hicho, na wengi wetu tulikuwa na jina la yule aliyekwenda asirudi.

Hata hivyo mfano haukuwatosha wote. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine waliandamana Dar es Salaam kuupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, uliowataka walitumikie taifa kwa muda na kupokea sehemu tu ya mshahara. Karibu 400 kati yao walirudishwa makwao, na Mwalimu akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 siku ile ile. Waliolizungumza jambo hilo baadaye wamegawanyika. Wako wasemao vijana walikosa shukrani. Wako wasemao deni ambalo mdaiwa hakulikubali si deni, ni kodi. Sisi hatukusudii kulifungua upya shauri hilo. Twataka kulitazama swali lenyewe mahali pengine, mbali na mabishano yetu, ambako waliotoa walikuwa maskini kuliko wanakijiji wa Mwalimu, na ambako wengi wa waliopewa hawakuziona kamwe nyuso za waliowapa. Mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Lincoln, katika mji wa Jefferson City, jimbo la Missouri, Marekani. Ni chuo cha umma, na kilianzishwa kwa fedha za askari weusi mwaka 1866, yaani miaka mia kamili kabla ya maandamano ya Dar es Salaam.

Msomaji asikichanganye na chuo kingine chenye jina hilo hilo, kilichoko Pennsylvania, ambako walisoma Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah. Hicho kimesifiwa vya kutosha.

Mwaka 1847 baraza la kutunga sheria la Missouri lilipitisha sheria iliyomkataza mtu yeyote kuendesha shule ya kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Sheria hiyo haikutenga mtumwa na aliye huru. Mradi mtu ni mweusi, ilimhusu. Inafaa tuitafakari kidogo. Mwenye watumwa hakuogopa kumwona mtumwa ameshika jembe, wala shoka, ingawa shoka laweza kuua. Aliogopa kumwona ameshika kitabu. Watu hawatungi sheria kukataza jambo wanaloliamini kuwa haliwezekani. Kwa hiyo wale waliokuwa wakisema kila siku kwamba mtu mweusi hana akili ya kusoma, waliikana kauli yao wenyewe kwa kuitungia sheria.

Kisha ikaja Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1863 jeshi la Muungano liliunda huko St. Louis kikosi cha kwanza cha askari weusi wa Missouri, ambacho baadaye kilipewa jina la Kikosi cha 62 cha Askari wa Miguu Weusi wa Marekani. Watu hawa, ambao wengi wao walikuwa watumwa jana yake, walipewa bunduki; lakini walipewa pia kitabu cha herufi, na hapa ndipo habari yao inapoachana na habari za vikosi vingi vya dunia. Julai 1864 kamanda wao, Luteni Kanali David Branson, alitoa amri kwamba sajini au koplo yeyote ambaye hatakuwa amejua kusoma ifikapo tarehe 1 Januari 1865 atavuliwa cheo. Oktoba mwaka huo huo alitoa amri nyingine: askari atakayekutwa anacheza karata atasimamishwa mahali pa wazi kambini, kitabu mkononi, ajifunze hapo hapo somo refu la kusoma na kuendeleza maneno. Walimu wetu, ambao wamezoea kumwadhibu mtoro kwa kufyeka majani, watacheka. Nasi twacheka. Lakini tukiisha kucheka tuone jinsi dunia ilivyogeuka kichwa chini katika miaka kumi na saba: kosa la mwaka 1847 lilikuwa kukutwa na kitabu, na kosa la mwaka 1864 lilikuwa kukutwa bila kitabu.

Kikosi hicho kilipigana Palmito Ranch, Texas, mwezi Mei 1865, katika pigano linalohesabiwa kuwa la mwisho la vita vile. Baada ya hapo kilibaki Texas kikilinda mpaka. Mmoja wa maofisa wake, Luteni Richard Baxter Foster, mzungu aliyekuwa amesoma katika chuo cha Dartmouth, aliandika hesabu ya mafanikio ya masomo yale ya kambini. Kati ya askari 431, askari 99 walikuwa wamejua kusoma, kuandika na kuhesabu. 200 waliweza kusoma na kuandika kwa kuelewa. Na waliokuwa bado hawajazijua hata herufi hawakuzidi kumi. Masomo hayo yalifanyika baina ya zamu na zamu, katika joto na homa, bila madawati.

Januari 1866 kikosi kilikuwa Fort McIntosh, ukingoni mwa mto Rio Grande, kikisubiri kuvunjwa. Hapo likazuka swali ambalo ndilo kiini cha makala haya. Watu hawa wanarudi Missouri. Wameonja elimu, lakini nyumbani hakuna shule ya kuwapokea wao wala watoto wao. Je, jambo hili liishie kambini? Maofisa walizungumza, Foster akaulizwa kama yuko tayari kuisimamia shule iwapo fedha zitapatikana, akakubali. Ukapitishwa mchango. Askari wa Kikosi cha 62 walitoa kiasi cha dola 5,000. Wenzao wa Kikosi cha 65, waliokuwa Louisiana, waliposikia wakaongeza kiasi cha dola 1,400.

Idadi hizi zataka kusomwa polepole. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa dola 13 kwa mwezi. Na kabla ya katikati ya mwaka 1864 askari mweusi hakuupata hata huo, bali alilipwa dola 10, na katika hizo hukatwa 3 za mavazi. Askari mmoja, Samuel Sexton, alitoa dola 100. Alitoa, kwa maneno mengine, karibu miezi minane ya maisha yake ya kijeshi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi tumezoea kulisema neno hilo kwenye harambee za harusi na za vyumba vya madarasa, ambako tajiri hutoa kilichomzidi akapigiwa makofi. Sexton alitoa kabla hajawa na kitu. Mtu aliyeachwa huru mwaka ule alihitaji nyumbu wa kulimia, jembe, mbegu, paa la kulala chini yake. Wengine walihitaji nauli ya kuwatafuta wake na watoto waliouzwa mbali. Kila dola iliyokwenda shuleni ilitoka katika mambo hayo. Na hao wa Kikosi cha 65 walikuwa na msiba wao: maradhi yaliwaua zaidi ya watu 700 katika kikosi kile kimoja, na fedha zilizotoka kwao zilitoka kwa waliosalia.

Tuiite nini fedha hiyo? Mkopo una siku ya kulipwa. Zawadi ina mpokeaji anayejulikana, ambaye mtoaji hutaraji kumwona akitabasamu. Sadaka ina Mungu wa kuiandika. Mchango wa askari hawa haukai sawasawa katika neno lolote la hayo. Twasema mchumia juani hulia kivulini; hawa walichuma juani ili kivulini wakae watu wengine, na watu wenyewe hawakuwa wa nasaba yao wala wa kijiji chao, bali watu weusi wa Missouri kwa jumla, waliozaliwa na watakaozaliwa.

Hapa mwanafunzi hodari atanyosha mkono aseme: mimi sikumwomba Samuel Sexton chochote. Hoja yake ni ya haki, wala isizimwe kwa kumwambia akae chini. Deni la kisheria lataka mapatano, na baina ya aliyekufa na asiyezaliwa hapana mapatano. Lakini sisi twamwuliza naye: Kiswahili hiki unachobishania ulikiomba lini? Ulikikuta. Walikiunda watu ambao hujui makaburi yao, wakakisafisha kwa tungo na kwa biashara na kwa magomvi, wakakuachia. Hakuna anayewadai Watanzania ada ya lugha. Hata hivyo mtu anayekiharibu Kiswahili kwa uvivu twamwona amekosa, naye mwenyewe akitulia hujiona amekosa. Kumbe liko deni lisilotokana na mapatano, nalo ni la kitu kilichopokewa na ambacho hakiwezi kurudishwa kilikotoka. Kitu cha namna hiyo hulipwa kwa kupelekwa mbele. Hilo ni jibu la kwanza, lakini halitoshi, kwa kuwa halijasema ni nani mwenye haki ya kudai kwa niaba ya marehemu. Historia ya chuo hiki ndiyo iliyolifanya swali hilo kuwa kali.

Shule ilifunguliwa tarehe 17 Septemba 1866 katika jengo bovu la mbao mjini Jefferson City, kukiwa na mvua na paa linavuja, na wanafunzi waliofika walikuwa wawili. Mwaka 1869 ilihamia kilimani ilipo hadi leo. Mwaka uliofuata ilianza kupata ruzuku ya jimbo kwa ajili ya kufundisha walimu, na kuanzia mwaka 1877 wahitimu wake waliruhusiwa kufundisha Missouri maisha yao yote bila kufanyiwa mtihani mwingine. Jimbo lililokuwa limekataza mtu mweusi kufundishwa herufi likawa sasa linamtambua mtu mweusi kuwa mwalimu. Mwaka 1880 uongozi ulishikwa na Inman Page, aliyezaliwa utumwani na kusoma Chuo Kikuu cha Brown. Mwaka 1921 ikaitwa chuo kikuu, kwa muswada uliopelekwa na Walthall Moore, mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo lile.

Lakini kabla ya hayo, mwaka 1879, mali ya shule ilikuwa imekabidhiwa serikali ya jimbo. Hatuwalaumu waliokabidhi. Michango haiendeshi shule milele. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati yoyote analijua hilo. Shule ilihitaji mhimili, na mhimili ulikuwa serikali. Ila tangu siku hiyo fedha ya askari ilikaa katika mkono wa mtu mwingine, na mkono huo ulikuwa na nia zake.

Kuna jambo jingine katika azimio la askari linalotugusa sisi moja kwa moja. Waliagiza kwamba shule yao iunganishe masomo na kazi, ili mtu aliyetoka utumwani, asiye na mali ya kutumia wala wakati wa kupoteza, asizuiwe na umaskini wake kusoma. Msomaji wa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 atalitambua wazo hilo kama anavyomtambua jamaa yake sokoni. Lakini ajihadhari, maana wazo hilo lilikwisha kufika Afrika Mashariki mapema zaidi, limevaa nguo nyingine. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilipita nchini kwetu na nchi jirani, ikapendekeza elimu ya Mwafrika ielekee kilimo, ufundi na maisha ya kijijini, kwa kufuata mifano ya shule za watu weusi wa Marekani ya kusini. Serikali za kikoloni zililipenda pendekezo hilo. Wazee wetu wengi walilitilia shaka, wakauliza kwa nini jembe liwe la watoto wao na sheria na udaktari viwe vya watoto wa wengine. Shaka yao ilikuwa na msingi. Jembe ni lile lile, lakini maagizo mawili hayafanani. Askari wa Kikosi cha 62 walisema: tufanye kazi ili tupate kusoma. Mtawala alisema: wasome kiasi cha kuwawezesha kufanya kazi. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi shambani leo ajiulize anatoa agizo lipi kati ya hayo.

Sasa turudi Missouri, kwenye nia za serikali. Sheria za jimbo lile ziliamuru watoto weusi na weupe wasome mbali mbali. Lincoln, iliyoanzishwa ili mtu mweusi apate mahali pa kuingia, ikawa sababu ya kumzuia asiingie kwingine. Mwaka 1935 kijana Lloyd Gaines alihitimu Lincoln, akaomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Missouri. Alikataliwa kwa rangi yake. Aliambiwa kwamba jimbo lingemlipia ada akasome katika jimbo la jirani, au kwamba Lincoln ingeweza siku moja kuanzisha mafunzo hayo. Sisi tuliozeekea katika ofisi za serikali tunaijua barua ya namna hiyo: ina adabu, ina vifungu, na haina mlango. Gaines alikwenda mahakamani, akitetewa na Charles Hamilton Houston, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Desemba 1938 mahakama ikaamua kwamba jimbo likimpa mweupe elimu ya sheria ndani ya mipaka yake, halina budi kumpa mweusi vile vile ndani ya mipaka hiyo hiyo.

Jimbo likajibu kwa kutenga fedha ili Lincoln ifunguliwe shule ya sheria. Shule hiyo ilianza mjini St. Louis Septemba 1939, katika jengo lililokuwa la Poro, chuo cha mambo ya urembo wa nywele. Watu weusi wa mji ule walisimama nje na mabango wakiipinga. Gaines mwenyewe hakuwapo. Mwezi Machi mwaka ule, akiwa Chicago, alitoka nyumbani jioni moja asionekane tena, na hadi leo hakuna ajuaye yaliyompata. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Missouri kilimtunukia shahada ya heshima ya sheria, miaka 67 baada ya kutoweka. Lucile Bluford, mwandishi wa habari aliyekataliwa na chuo hicho hicho mwaka 1939, alipewa yake mwaka 1989 akiwa hai. Kwa ajili ya kumkwepa yeye, jimbo lilikuwa limeanzisha Lincoln shule ya uandishi wa habari mwaka 1942.

Je, Gaines alikosa shukrani? Swali si la mchezo. Lincoln ilimlea, ikamsomesha, ikampa shahada. Na ilipoahidiwa kukuzwa kwa ajili yake, alitaka kwingine. Yuko atakayesema fadhila za punda ni mateke. Ndipo yatupasa kumtafuta mdai halisi. Anayedai shukrani hapa ni serikali ya jimbo, nayo haikutoa; ilikabidhiwa. Waliotoa walikuwa askari, na tukitaka kujua wanadai nini tusiwaulize walinzi wa mali yao, tuwaulize kwa kutazama walichokusudia. Walikusudia kwamba sheria ya mwaka 1847 ife, na mtoto wa mtumwa asiambiwe tena kwamba elimu fulani si yake. Gaines alipoikataa ile barua yenye adabu alikuwa anawalipa askari, na kama angeipokea kwa jina la shukrani angewalipa watu wasiomdai. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo ambalo mfano wa kijiji chenye njaa haukupata nafasi ya kulieleza: mara nyingine hutokea mtu akasimama njiani, akajiita kijiji.

Lakini tusimtukuze anayekataa peke yake. Katika walioingia ile shule ya sheria iliyopingwa kwa mabango alikuwamo Margaret Bush Wilson, aliyehitimu mwaka 1943. Alikuwa mwanasheria wa haki za raia, na kuanzia mwaka 1975 aliongoza bodi ya NAACP, chama kile kile kilichomtetea Gaines. Shule iliyofunguliwa ili kumzuia mtu ilimfundisha mtu kubomoa vizuizi. Mmoja alilikataa lililotolewa kwa nia mbaya, mwingine alilipokea akaligeuza. Tungependa kuona darasa la kidato cha nne likigawanyika juu ya watu hawa wawili, nusu kwa nusu, mwalimu naye asiseme yuko upande gani mpaka kengele.

Juu ya namna ya kulipa, chuo hiki kina mfano ulio mnyofu zaidi. Januari 1939, wiki chache baada ya hukumu ya Gaines, wakulima zaidi ya elfu moja wa kusini-mashariki mwa Missouri, weusi kwa weupe, walitoka na vyombo vyao wakakaa kando ya barabara kuu katikati ya baridi. Walikuwa wakilima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, na wenye mashamba walikuwa wanawafukuza. Kiongozi wao alikuwa mhubiri, Owen Whitfield. Profesa Lorenzo Greene, mwanahistoria aliyefundisha Lincoln tangu mwaka 1933 hadi 1972, aliichukua habari yao akaipeleka kwa wanafunzi wake, na wanafunzi wakachanga. Walichanga fedha, chakula na nguo. Hawakuwa watoto wa matajiri. Tukiwatazama wakikusanya senti zao kwa ajili ya watu waliolala kwenye theluji, twaona mkono ule ule wa Fort McIntosh, ingawa hatuna hakika kama siku ile kuna aliyewakumbuka askari. Pengine hakuna haja ya kukumbuka. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya kugawana hugawa bila kutaja jina la babu.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, na Lincoln ikafungua milango kwa wote. Likatokea jambo ambalo halikutazamiwa na wengi. Wakaazi weupe wa Jefferson City, ambao chuo kilikuwa hatua chache tu kutoka kwao, wakaingia, na kwa miaka mingi wakawa ndio wengi katika madarasa yake. Wako waliosikitika, wakaona shule ya askari imechukuliwa. Sisi twaelewa masikitiko hayo. Ni machungu kuona mgeni amekaa kiti ambacho baba yako alikinunua kwa damu, hasa ikiwa jana mgeni huyo hakukuruhusu kukaa chake. Lakini kama deni la elimu ni la kilichopokewa, si la nasaba, basi kijana mweupe aliyesoma kilimani pale anadaiwa na Samuel Sexton sawasawa na mwenziwe mweusi, na labda zaidi, kwa sababu wazee wake hawakuchanga. Ni kazi ya chuo kumwambia hivyo siku ya kwanza. Mwaka 2007 Lincoln ilizindua uwanja wa kumbukumbu ya askari wale, wenye sanamu zao zilizofanywa na Ed Dwight, ambapo kila anayepita huwaona, awe wa rangi yoyote. Tuliofanya kazi ya utamaduni twajua kwamba sanamu haifundishi peke yake; humfanya mgeni aulize, na lazima awepo wa kumjibu.

Imebaki kumtazama mdaiwa mmoja ambaye hadi sasa tumemtaja kama mlinzi wa mali tu. Kwa sheria ya nchi ya mwaka 1890 majimbo yaliyotenga vyuo kwa rangi yalitakiwa kuvigawia vyuo vya weusi sehemu ya haki ya fedha za mafunzo ya kilimo na ufundi, na Lincoln ni mmoja wa vyuo vilivyoingia katika sheria hiyo. Septemba 2023 mawaziri wa Elimu na wa Kilimo wa Marekani waliwaandikia barua magavana wa majimbo 16. Walieleza kwamba kati ya mwaka 1987 na 2020, ukilinganisha fedha ambazo jimbo lilitoa kwa kila mwanafunzi katika chuo cha weusi na katika chuo kikubwa mwenziwe, vyuo vya weusi vilipunjwa jumla ya zaidi ya dola bilioni 12. Hesabu ya Lincoln peke yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 361. Hayo si mambo ya enzi ya utengano. Ni ya wakati ambao wasomaji wengi wa kurasa hizi walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Deni la serikali halifanani na lile la mwanafunzi, kwani lina kiasi, lina tarehe, na mdaiwa wake yuko hai na ana anwani. Kwa hiyo laweza kudaiwa mahakamani, na limewahi kudaiwa. Katika jimbo la Maryland wahitimu wa vyuo vinne vya weusi walifungua kesi mwaka 2006 juu ya jimbo lao, wakaishikilia miaka 15, na mwaka 2021 jimbo likakubali kutoa dola milioni 577 kwa muda wa miaka kumi. Wahitimu hao hawakuchukua fedha hizo mifukoni mwao. Zilipangiwa vyuo vyenyewe, kwa walimu, kwa masomo mapya na kwa kuwalipia ada wanafunzi, ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa siku kesi ilipofunguliwa.